Vidole kufa ganzi usiku: ni baridi yabisi au ni neva?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 46. Mwaka jana niligundulika na baridi yabisi, nikaanzishiwa dawa ya methotrekseti. Viungo vimepata nafuu kidogo, ila sasa usiku vidole vinakufa ganzi na kuwaka moto mpaka naamka kukung'uta mkono. Nimemeza vitamini za neva, sioni tofauti. Je, ugonjwa umehamia kwenye mishipa ya fahamu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, na pole sana. Angalia kwanza ni vidole vipi. Kama ni gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, na kidole cha mwisho kiko salama, basi kuna neva moja inabanwa kwenye kifundo cha mkono. Neva hiyo hupita njia nyembamba upande wa kiganja, pamoja na kano 9 za kukunjia vidole. Baridi yabisi huvimbisha utando wa kano hizo, nafasi ikaisha, neva ikabanwa. Usiku huzidi kwa sababu wengi hulala wamekunja mikono. Vitamini humfaa aliyepungukiwa nazo; mbano haziutoi.

Tafuta gango la kifundo cha mkono, yaani kifaa cha kufunga mkono usikunjike, kwenye duka la vifaa tiba. Bati lake liwe limenyooka; mengi huja yamepinda kuelekea nyuma ya mkono, mwambie mtaalamu wa mazoezi tiba alinyooshe. Livae kila usiku kwa wiki 6. Ukishalifunga uweze kukunja ngumi, maana likikaza mno ganzi inaongezeka. Isipopungua, kuna sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye kifundo, na kuna upasuaji mdogo wa kufungua njia hiyo. Ukiona unaangusha vikombe, au nyama ya chini ya gumba inakonda, usingoje wiki 6 ziishe.

Uvimbe wenyewe unatulizwa na methotrekseti, na hukusema unaimezaje. Ni mara moja kwa WIKI. Ukiandikiwa miligramu 15, ni vidonge 6 vya miligramu 2.5, siku moja uliyoichagua. Iandike kwenye boksi kwa kalamu. Wapo wanaomeza kila siku kwa mazoea ya dawa nyingine: vidonda hujaa mdomoni, uboho unashindwa kutengeneza damu, na mtu anaweza kufa. Foliki asidi, vitamini ya kupunguza madhara ya methotrekseti, imeze siku tofauti, kwa kipimo ulichoandikiwa. Ukiugua kikohozi au mkojo, mwambie mhudumu kwamba unatumia methotrekseti kabla hajakupa Septrin, dawa ya kuua bakteria. Ikikutana na methotrekseti huleta madhara yale yale kwenye uboho. SP ya malaria nayo vivyo hivyo. Vipimo vya damu, ini na figo usiviruke hata ukijisikia mzima.

Nguo nzito usizikamue kwa kuzisokota, zianike zikichuruzika. Mpini wa mwiko uzungushie kitambaa unenepe, kwani kushika kitu chembamba kwa nguvu ndiko kunakotonesha vidole.

Ganzi nyingine si za kungoja. Mguu ukianza kuburuza ghafla, au ukiinamisha kichwa unasikia shoti inashuka mgongoni, au mkojo unakataa kutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Baridi yabisi hulegeza viungo vya juu vya shingo, kwa hiyo wale wa saluni wanaopenda kuvunja shingo ya mteja, wakatalie.

SWALI: Nami nina baridi yabisi. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ndiyo pekee inayonituliza. Naweza kuimeza kila siku?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hutuliza maumivu, lakini kiungo kinaendelea kuliwa chini kwa chini. Kama unaihitaji kila siku, dawa yako kuu ya baridi yabisi haitoshi au huna kabisa. Mwone daktari ibadilishwe. Kwa sasa diklofenaki imeze baada ya chakula, usiichanganye na ibuprofeni, na pima presha na figo. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, acha dawa na uende hospitali mara moja.