Wanafunzi Mnaokuja Dar: Angalieni Maji, Kisha Barabara

Mwanafunzi anayekuja Dar es Salaam kwa wiki moja au mbili, awe ametoka Mbeya, Bujumbura au Hamburg, huwa anapewa orodha ya maeneo: visiwa, makumbusho, Kariakoo, Coco Beach. Orodha hizo si mbaya, ila hazitaji saa. Fukwe iliyopendeza asubuhi, alasiri unaikuta tope na miamba mitupu, na safari ya nusu saa inakula saa mbili ukikosea wakati wa kutoka. Jiji hili linataka uipange siku kwa maji ya bahari kwanza, kisha kwa barabara.

Tuanze na maji. Hapa bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuzunguka tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, na hushika nguvu zaidi siku moja au mbili baadaye. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata, sogeza mbele kama dakika 50. Wiki ikipita hesabu inakuwa imegeuka: maji yanajaa karibu saa nne asubuhi na kupwa karibu saa kumi jioni, tena hayaendi mbali. Hayo ndiyo maji mafu. Majedwali ya maji yapo kwenye simu, lakini hesabu hii inatosha kupanga wiki nzima, na mvuvi yeyote wa Kunduchi atakusahihisha ukimsalimia vizuri na kumuuliza leo maji yanajaa saa ngapi.

Anayetaka kuogelea achague siku za maji mafu na aende asubuhi. Anayesoma baiolojia au sayansi ya bahari atake kinyume chake: asubuhi ya bamvua, ambapo miamba na nyasi za bahari huachwa wazi kwa saa kadhaa. Fika saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, uyafuate yanavyoondoka, na yakishafika mwisho anza kurudi. Wageni wengi hukosea hapa. Wanasimama kwenye fungu la mchanga huko mbele wakiwa wakavu, hawajui kwamba kati yao na nchi kavu kuna mkondo ulio chini zaidi, na maji yanaporudi huanza kujaza mkondo ule. Wakigeuka wanakuta maji ya kiuno nyuma yao. Vaa raba za zamani zenye soli ngumu, si ndala, kwa sababu kwenye mashimo ya miamba kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya nyama.

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya vimo ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1975, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini. Boti za Bongoyo hutoka upande wa Msasani, za Mbudya upande wa Kunduchi. Kuna malipo mawili tofauti, nauli ya boti na kiingilio cha hifadhi, na kiingilio hicho hutofautiana kati ya raia na mgeni. Uliza kabla ya kupanda kama bei uliyotajiwa inabeba yote mawili, na dai risiti ya hifadhi. Wanafunzi wakiwa kumi au zaidi wakodi boti nzima, maana inakuja nafuu kwa kila mmoja na mnajipangia saa ya kurudi. Kila mtu avae jaketi okozi tangu mnapoondoka. Likiwa limefungwa chini ya benchi haliokoi mtu. Nahodha akikataa kutoka kwa sababu ya upepo, msimsihi. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka, hasa mchana, kwa hiyo miezi hiyo mtoke mapema na mrudi kabla ya saa nane. Bebeni maji ya kunywa lita mbili kwa kila mtu.

Kigamboni, ng'ambo ya bandari, ni safari rahisi zaidi na ya bei ndogo. Pantoni ya Magogoni huvusha mtembea kwa miguu kwa nauli ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200, na ng'ambo unapanda daladala au bajaji hadi fukwe za Mjimwema. Asubuhi watu wa Kigamboni wanavuka kuja mjini na jioni wanarudi kwao, hivyo mgeni anayekwenda ng'ambo saa tatu asubuhi anakwenda kinyume na umati. Tabu ni kurudi. Jumapili jioni, kuanzia saa kumi na moja, kila aliyekwenda kuogelea anarudi pamoja nawe. Ondoka ufukweni saa tisa na nusu, au mkiwa kundi lenye gari mpite Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016.

Hapo hapo kando ya pantoni lipo soko la samaki la Feri. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mnada ukiwa umechangamka na boti zinashusha mzigo. Saa nne hali imepoa, samaki wamekwisha pangwa, na wakaangaji ndio wenye shughuli. Vaa viatu vilivyofunikwa, sakafu ina maji na magamba. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na usielekeze kamera Ikulu, ambayo iko jirani kabisa, wala kwa askari au bandari. Mwanafunzi mwenye simu mkononi eneo lile husimamishwa haraka, na maelezo yake huchukua muda mrefu.

Kutoka Feri, tembea kwa miguu. Barabara ya Sokoine inakupitisha kanisa la Kilutheri la Azania Front na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili yalikamilika mwaka 1902 wakati wa Wajerumani. Mbele yapo majengo ya Boma la Kale, ya miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid, na humo kuna kituo cha urithi wa usanifu wa jiji. Anayesoma usanifu au mipango miji atenge saa mbili nzima pale. Ukipanda juu mtaa wa Samora unakutana na sanamu ya Askari ya mwaka 1927, na ukiendelea unatokea Bustani ya Mimea, ambapo Makumbusho ya Taifa yako ng'ambo ya barabara. Mzunguko huu wote ni saa tatu hadi nne. Umalize kabla ya saa sita, jua la Dar saa saba si la kutembea.

Tahadhari moja ya jina. Ukimwambia konda "nashuka Makumbusho" atakushusha Kijitonyama, kituo cha daladala karibu na Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Makumbusho ya Taifa, yenye habari za fuvu la kale la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, yako katikati ya mji, mtaa wa Shaaban Robert. Sema unashuka Posta. Kote kuwili beba kitambulisho cha mwanafunzi, na mkiwa kundi barua ya chuo yenye mhuri, kwa sababu bei ya mwanafunzi haitolewi kwa maneno. Kijijini ulizeni siku na saa ya ngoma kabla ya kwenda. Bila ngoma ziara huisha kwa dakika 40.

Mabasi ya mwendokasi ndiyo njia ya uhakika kati ya Kimara na mjini, ila saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi kuingia ndani ya basi ni kazi ya mabega. Weka begi mbele ya kifua. Kariakoo fanya vivyo hivyo, nenda asubuhi, na hela ya matumizi iwe mfuko tofauti na simu.

Kwa anayehitaji kusoma, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, iliyofunguliwa mwaka 2018, ina nafasi ya watu 2,100. Mgeni aende na barua ya utambulisho. Mkishafika Mlimani, Mwenge kwa wachonga vinyago ni karibu, na hapo msikimbilie bei. Mpingo wa kweli ni mzito kwa umbo lake, na kipande chake kikitiwa majini kinazama. Kinyago kilichopakwa rangi ya viatu utakijua kwa kukisugua na kitambaa cheupe chenye unyevu. Geuza chini ya kitako, sehemu ambayo fundi huwa haing'arishi, uone rangi ya mti wenyewe. Salamu kwanza, shikamoo kwa mzee, kisha ndipo bei. Ukipeleka kinyago bara au nchi yenye hewa kavu zaidi, kizungushie magazeti na ukiache kivulini wiki mbili au tatu kabla ya kukiweka mezani. Mti uliozoea unyevu wa pwani ukikaushwa ghafla hupasuka, na mara nyingi ufa huanzia kitakoni.