Kijijini Ufaransa, nani ampishe nani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwezi wa tisa mimi na mke wangu tunakodi gari Bordeaux, twende Bergerac na kupanda hadi Sarlat tukipitia vijijini. Rafiki anayeishi huko ananiambia gari linalotoka kulia lina haki ya kupita hata likitokea uchochoroni na mimi niko barabara kubwa. Nimeendesha Arusha miaka mingi na jambo hili haliniingii akilini. Nitajuaje nimpishe nani? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba. Rafiki yako kasema kweli, ila kakupa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo itakayokulinda.

Sheria ya Ufaransa inasema kwamba kwenye makutano yasiyo na taa, kibao wala mstari, anayetoka kulia kwako ndiye anayepita. Upana wa barabara hauhesabiwi. Sisi tumezoea kwamba aliye barabara kubwa anapita na anayetokea mtaani anasubiri. Kule mtu anaweza kuchomoza kwenye kichochoro cha upana wa gari moja, katikati ya nyumba mbili za mawe, asipunguze sana mwendo, na akawa sahihi kabisa.

Sasa nusu ya pili. Barabara nyingi za wilaya zenye herufi D, kama D936 inayokwenda Bergerac na D703 inayoandamana na mto Dordogne, zikiwa nje ya vijiji huwekewa kibao cha mraba wa njano wenye ukingo mweupe, uliosimamishwa kwa pembe. Ukikiona, haki ni yako kwenye kila makutano mpaka ukione tena kimekatwa kwa mstari mweusi. Hapo ndipo pa kuwa macho. Mara nyingi kile kilichokatwa hufungwa kwenye nguzo ileile ya jina la kijiji, na ubao wa jina, mweupe wenye ukingo mwekundu, tayari unakuamuru usizidi 50 hata bila tarakimu yoyote. Mgeni husoma jina, akashughulika na mwendo, na alama iliyo muhimu kuliko zote ikampita.

Kuna pembetatu mbili pia za kuzijua. Yenye alama ya X ndani inakuambia: makutano yanayofuata, mpishe wa kulia. Yenye mshale mnene wa kwenda mbele uliokatizwa na mstari mwembamba inakupa haki, lakini kwa makutano hayo tu.

Usipoona kibao chochote, tazama lami kwenye mdomo wa ile njia ya kulia. Ukikuta mistari myeupe ya vipandevipande imekatiza upande wake, yeye ndiye wa kukupisha. Mstari mnene usiokatika ni wa yeye kusimama kabisa. Vilevile pembetatu iliyopinduliwa na ubao wa pembe nane unavitambua kwa umbo hata ukiviona kwa nyuma, navyo vinamhusu yeye. Lami ikiwa tupu, mpishe bila kubishana. Wasio na haki hiyo ni wanaotoka kwenye njia ya vumbi, maegesho au geti la nyumba.

Kwenye mizunguko mambo yanageuka. Utakuta pembetatu yenye mishale mitatu inayozunguka: mpishe aliye ndani, naye atakujia kutoka kushoto, kwa kuwa kule mzunguko unakwenda kinyume cha saa. Sisi tunatazama kulia. Jisemee kwa sauti kila unapoukaribia. Nawaambia hivyo wanafunzi wangu wote wanaosafiri.

Usukani utakuwa kushoto, kwa hiyo upande wa kulia unazibwa na nguzo ya kioo pamoja na mama aliyeketi pale. Mwombe aegemee kiti kila mnapofika makutano. Agiza gari la gia otomatiki mapema, maana mengi ya kukodi kule ni ya gia za mkono, na sitaki akili yako ihangaike na gia huku macho yakitafuta vibao. Leseni yako ya Tanzania iandamane na leseni ya kimataifa, au tafsiri rasmi ya Kifaransa.

Mkigongana, mtajaza fomu ya maelezo ya ajali, kila dereva na upande wake. Hakikisha ipo ndani ya gari kabla hujaondoka kwa wakodishaji. Ina visanduku 17 vya kutia alama, na namba 16 ni cha aliyekuwa akitoka kulia. Mwenzio akitia alama hapo, na upande wako hapakuwa na kibao cha kukupa haki, kosa karibu hakika litakuwa lako, na kile kiasi ambacho bima hailipi kitatoka mfukoni mwako. Kama hukubaliani naye, andika kwenye nafasi ya maoni kabla ya kutia sahihi, hata kwa Kiingereza, kisha piga picha mdomo wa ile njia na lami yake kabla gari lolote halijaondolewa, ikiwa ni salama kufanya hivyo.