Kuganda hakuui brusela
Hapana mkuu, maziwa mabichi hayawi salama eti kwa sababu yamegandia kwenye kibuyu. Uchachu unazuia vijidudu vingi vya kuharisha visizaliane, hilo kweli, ila vya brusela (ugonjwa wa mifugo unaompata na binadamu) na vya kifua kikuu cha ng'ombe vinaweza kubaki hai siku kadhaa ndani ya mtindi. Nafuga huku Chamwino, na daktari wa mifugo akija anauliza kwanza kama kuna ng'ombe aliyetupa mimba. Huyo ndiye wa kushukiwa brusela, ingawa mwingine anaweza kuwa nayo na usione dalili yoyote.

Chemsha kwanza mpaka yatokote, yaache yawe vuguvugu, ndipo utie vijiko viwili vya mtindi kama mbegu. Wengi huku wanakataa kuchemsha kwa kuwa walijaribu yakaoza badala ya kuganda. Moto unaua hata bakteria wanaogandisha, kwa hiyo mbegu ni lazima, na itoke kwenye mtindi wa maziwa yaliyochemshwa. Ukichukua ya mabichi umerudisha ugonjwa ndani. Kibuyu nacho kisuuzwe kwa maji ya moto na kikauke kabisa kabla ya kukifukiza.

Lishe haiendi popote: protini na kalsiamu zinabaki, vitamini chache tu ndizo hupungua kwa moto. Maziwa yakiganda, sukari yake nayo inapungua, ndiyo maana wanaojaa gesi huvumilia mtindi vizuri zaidi. Wajawazito na watoto wadogo msiwape kabisa ya mabichi, hata yawe makali namna gani.