Barua kwa mwanangu: mfanyakazi wa kiwandani na mafumbo ya sataranji

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, nasi hapa hatujambo. Umeniuliza iliwezekanaje huko Ujerumani, karne iliyopita, mfanyakazi wa kiwandani aliyeacha shule mapema awe mtunzi wa mafumbo ya sataranji, kazi ambayo wewe uliidhani ni ya maprofesa.

Elewa kwanza kwamba kutunga fumbo si kucheza. Mchezaji anahitaji mpinzani, muda mrefu wa mfululizo na nauli ya kwenda mashindanoni, ilhali mtunzi anahitaji ubao, kete na stempu ya kulituma fumbo gazetini. Hupanga kete, kisha hudai kwamba nyeupe itammaliza mfalme mweusi kwa hatua mbili au tatu, na njia iwe moja tu. Hapo ndipo penye jasho. Msomaji akigundua njia ya pili, fumbo limeharibika, na mtunzi hurudi ubaoni kutafuta mahali pa kumweka askari mmoja, yaani ile kete ndogo, aizibe, bila askari huyo kuvuruga ile njia halali. Kazi kama hiyo mtu anaweza kuibeba kichwani akitoka zamu, na kwa maoni yangu haiko mbali na ufundi wa chuma, ambako kipimo kikikosewa kidogo chombo kizima hutupwa.

Hata hivyo, akili peke yake isingetosha. Shirikisho la sataranji lililoundwa Leipzig mwaka 1877 lilitawaliwa na watu wenye nafasi zao, na wafanyakazi wakaunda la kwao mjini Nürnberg mwaka 1912, Deutscher Arbeiter-Schachbund, lenye klabu na gazeti lake. Siku ya kazi ya saa nane, iliyopatikana baada ya mapinduzi ya Novemba 1918, iliwapa jioni zao. Mwaka 1924 chama cha wapenzi wa mafumbo, Die Schwalbe, kilianzishwa Essen, mji wa makaa ya mawe na viwanda vya chuma vya kampuni ya Krupp. Kisha wakaja Wanazi, na mwaka 1933 shirikisho la wafanyakazi likavunjwa.

Umeuliza pia walifaidika nini. Si fedha, mwanangu. Fumbo lilipochapishwa, juu ya mchoro wa ubao liliwekwa jina la mtunzi na mara nyingi mji wake, wala si kazi yake, hivyo jaji na mchomeleaji walipimwa kwa hatua zile zile. Ningekuwa mimi, ningeridhika.

Wako,
Baba