Usimpe fundi laptopu ya China kabla hujashika tarakimu 48

Mkuu, usiipeleke Jumamosi. Mwambie fundi umepata msiba, umesafiri, mwambie lolote, lakini hiyo mashine isitoke nyumbani kwako.

Nimesoma ulivyoandika: laptopu umenunua Guangzhou, Windows 11 yote Kichina, fundi wa Kariakoo kakwambia uje na elfu thelathini akupigie Windows ya Kiingereza, nusu saa tu. Tena unasema mafaili yote ya ofisi umeshayahamishia humo. Hapo ndipo moyo ulinipasuka. Nusu saa hiyohiyo niliahidiwa mimi, kwa maneno hayohayo, ikameza kazi ya miaka minne.

Nilikwenda Guangzhou mwishoni mwa 2023 kufuata mzigo. Laptopu nikainunua kwenye kiduka kimoja huko Xiaobei. Muuzaji anaongea Kiingereza cha biashara, hata "mambo vipi" anaijua. Nikamuuliza mara mbili: hii inabadilika ikawa ya Kiingereza? Akasema inabadilika, hakuna shida. Akaiwasha palepale, akaiunganisha na intaneti ya dukani, akajaza kila ukurasa uliotokea, dakika kumi akanikabidhi ikiwa tayari. Nikamshukuru sana. Nilichokuwa sijui ni kwamba pale panapoulizwa akaunti ya Microsoft, alijaza namba yake ya simu.

Shika hapo, kwa sababu ndipo balaa lilipoanzia. Laptopu nyingi za siku hizi, ukishaingia kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza, diski inajifunga yenyewe kwa BitLocker, kufuli la Windows linalofanya data zisisomeke bila ufunguo. Haikuulizi wala haikuonyeshi kitu. Ukiwasha kila siku inafunguka kimyakimya, kwa hiyo unaweza kukaa nayo mwaka mzima hujui kama ina kufuli. Ufunguo wa akiba, tarakimu 48 zilizopangwa sita sita, unahifadhiwa kwenye akaunti ile iliyotumika siku ya kwanza. Wangu ukaenda kwa muuzaji, na mimi nikapanda ndege.

Kabla ya kuondoka, hotelini, nilikuwa nimehamishia kila kitu kutoka kwenye mashine yangu ya zamani: hesabu za duka tangu 2019, daftari la wanaonidai na ninaowadai, picha za mizigo yote. Na video za mama, Idi yake ya mwisho, anaimba na wajukuu barazani. Ile ya zamani nikaifuta, nikamwachia mwenzangu niliyesafiri naye.

Nimefika Dar, nikaenda kwenye mipangilio nibadili lugha. Kiingereza kinaingia kwa kuandikia tu. Maandishi ya skrini yanabaki Kichina. Sababu niliijua baadaye: laptopu nyingi zinazouzwa China bara zinakuja na toleo la Windows liitwalo Home China, na toleo hilo limeruhusiwa Kichina peke yake. Hakuna kitufe kilichofichwa popote, leseni yenyewe ndiyo inayokataa. Yule bwana anauza laptopu kila siku, hili alilijua vizuri, na bado alinitazama machoni akasema hakuna shida.

Nikampelekea fundi. Hakuniuliza data zangu ziko wapi. Hakuniuliza kama nina nakala. Alikuwa na flashi yake ya Windows ya kuchongwa, mashine ikaikataa, akaingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla Windows haijawaka) akazima Secure Boot, ulinzi unaozuia mashine kuwaka kwa kitu isichokitambua, ili flashi ipite. Alipowasha tena, ikatokea skrini ya buluu yenye Kichina na kisanduku cha kujaza tarakimu. Hiyo ilikuwa BitLocker inauliza ufunguo, maana imeona mashine imebadilishwa. Fundi akanipigia simu nikiwa dukani: "Bosi, diski imeingia kirusi, nifute nipige upya?" Nikamwambia fanya unavyojua.

Basi. Maneno mawili hayo.

Miezi kadhaa baadaye ndipo nilipoelewa kitu kinachoniuma mpaka leo: angerudi BIOS akawasha Secure Boot kama alivyoikuta, kuna uwezekano mkubwa ingefunguka yenyewe bila kuuliza kitu. Kubofya mara moja! Badala yake akafomati diski nzima. Nilizunguka kwa mafundi watatu wanaorudisha data, wote wakaniambia jambo moja: faili lililofutwa kwenye diski ya kawaida unaweza kuliokota, lakini hili lilikuwa limefungwa kwa BitLocker, na lile kufuli limefutwa pamoja nalo, kwa hiyo kinachookotwa ni takataka. Hata yule muuzaji angenitumia zile tarakimu siku hiyo, zisingefungua kitu tena. Wadeni wangu wawili wakubwa walipojua daftari limepotea, na wao wakapotea. Hilo nimelisamehe. Video za mama sijalisamehe.

Fundi anayepokea mashine ya mtu zama hizi bila kujua skrini ya BitLocker inafananaje, na bila kuuliza nakala, mimi simwiti fundi. Kesi ninazozisoma humu za watu waliopoteza kwa njia hii zimenichosha, ndiyo maana nakuandikia kwa ukali. Nisamehe.

Sasa fanya hivi leo, kabla ya kitu kingine chochote. Amri hizi zinafanya kazi hata kama skrini yote ni Kichina. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Litakuja dirisha la kuuliza ruhusa, bofya kitufe cha kushoto. Kwenye ukurasa mweusi andika:

manage-bde -status C:

Ukiona asilimia 100 pale panapotajwa kiasi kilichofungwa, diski yako ina kufuli. Halafu andika:

manage-bde -protectors -get C:

Ukiona mstari wa tarakimu 48, huo ndio ufunguo wako. Unakaa mle ndani ya mashine yako, unasomeka bila kumwomba mtu, madhali Windows bado inawaka. Mimi niliishi nao wiki sita bila kujua. Uandike kwenye karatasi kwa mkono, piga na picha kwa simu. Kisha lifungue kufuli kabisa:

manage-bde -off C:

Hii inachukua muda, ichomeke kwenye umeme, rudia ile amri ya kwanza mpaka asilimia ifike sifuri. Halafu nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, na diski hiyo uichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine uone mafaili yanafunguka kweli. Usiridhike kuyaona majina, fungua kumi, ishirini. Na kama mashine alikuwashia muuzaji, angalia akaunti iliyomo ni ya nani, umwondoe huyo.

Haya, lugha yenyewe. Bonyeza Windows na R, andika winver. Ukiona 家庭中文版 basi ni Home China kama yangu. Njia ya halali ni kununua leseni ya Pro, toleo la juu la Windows (kutoka Home kwenda Pro Microsoft wenyewe kwa Marekani wanauza dola 99), unaiingiza bila kufuta kitu, kisha Windows na R tena, andika ms-settings:regionlanguage, unaongeza Kiingereza na safari hii kinakubali. Ukipigiwa Home ya Kiingereza juu yake haitajisajili, maana ufunguo uliochomwa kwenye BIOS ni wa toleo jingine, na hapo ndipo mafundi wanapotoa vile viprogramu vyao vya kuchonga leseni. Usikubali. Mimi kiliniletea matangazo mpaka kwenye programu ya hesabu.

Uliuliza na mambo ya kibodi, na kama Kiswahili kinaingia. Hayo yanangoja.

Ukishaandika ile amri ya kwanza, piga picha skrini uiweke hapa. Ila ukifika kwenye amri ya pili, tarakimu zizibe, usimwonyeshe mtu hata mimi. Nipo macho mpaka saa sita usiku.