"Hana nafsi" au "si nafsi"?

Swali: Natafsiri kijitabu kuhusu Ubudha. Nimeandika: "Buddha alifundisha kwamba binadamu hana roho, maisha ni mateso, na mtu akifa roho yake huhamia mwili mwingine." Mhariri anasema sentensi inajipinga. Nirekebishe wapi?

Jibu: Mhariri ana haki. Kosa limeanzia kwenye "roho", ambayo kwetu ni uhai wenyewe. Ndiyo maana anayekufa hukata roho. Buddha hakukana uhai. Alichokana ni "mimi" wa kudumu, na hapo neno linalofaa ni "nafsi", kama katika "mimi nafsi yangu".

Lakini "hana nafsi" nayo haitoshi. Katika hotuba yake ya pili, aliyoitoa Isipatana karibu na mji wa Varanasi, India, Buddha alichambua mafungu matano ya mtu: umbo, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia na fahamu. Kila fungu alilisemea kwamba si nafsi (kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibudha, *anatta*). Umbo lingekuwa nafsi, alisema, lisingeugua, na mtu angeweza kuliamuru liwe hivi au vile. Kwa hiyo tumia "si". Ukisema "hana", bado unamtaja mwenyewe aliyekosa kitu, na huyo mwenyewe ndiye hasa anayetiliwa shaka.

"Mateso" humfanya msomaji amtafute mtesaji. *Dukkha*, neno la Kipali unalolitafsiri hapo, ni pana zaidi: ni maumivu, ni kutengana na umpendaye, ni kukosa unachotaka, hata raha yenyewe kwa kuwa haidumu. Mimi ningechagua "dhiki", na neno la Kipali liwekwe kwenye mabano mara ya kwanza. Usiliswahilishe, litasomeka "duka".

Kuhusu kifo, futa "roho huhamia". Mtawa Nagasena alimweleza Mfalme Milinda kwamba taa ikiwashwa kwa taa nyingine, hakuna kitu kinachohama kutoka ya kwanza kwenda ya pili. "Kuzaliwa tena" kunafaa, mradi uongeze "baada ya kufa", maana Wakristo wengi watafikiria kuokoka.

Sentensi yako iwe hivi: "Buddha alifundisha kwamba hakuna chochote katika mtu kilicho nafsi ya kudumu, kwamba maisha yamefungamana na dhiki (*dukkha*), na kwamba baada ya kufa kuna kuzaliwa tena kunakotokana na matendo ya nia, bila roho inayohama." Kwingine kote kijitabuni andika "kufa" au "kufariki", usiandike "kukata roho".