Gari la kubebea kinanda cha funguo 88: pima buti kabla ya kuuliza bei

Ndugu uliyeuliza uchukue Toyota Fielder, Probox au Noah kuukuu kwa ajili ya kinanda cha funguo 88 na spika mbili, Kisumu hadi Kakamega kila Jumapili: kama mnasafiri wawili, chukua Probox. Kama waimbaji nao wanapanda, chukua Noah.

Kwanza pima kasha, si kinanda. Funguo 88 peke yake huchukua kama sentimita 122, kinanda kizima huwa kati ya 130 na 140, na kasha gumu linaweza kufika 150. Kata ufito wa mbao urefu wa kasha lako, uende nao yadi ya kuuzia magari. Muuzaji atakutajia ukubwa wa injini. Wewe fungua buti, kunja viti, ulaze ufito.

Probox ya mzigo ina sakafu ya karibu sentimita 181 viti vikikunjwa, na upana wa 142. Huo upana usikudanganye, kwa sababu matao ya magurudumu yanakula pande zote mbili. Kasha lilale kwa urefu wa gari, spika zikae kando yake. Spika juu ya kasha, hapana, hata kwa kilomita mbili. Fielder haitikisi sana, lakini mgongo wake umeinama nyuma, kwa hiyo spika ndefu itagusa kioo kabla mlango haujafunga. Noah viti vya nyuma kabisa hukunjwa kwenda ubavuni, vinapunguza upana. Pima vikiwa vimekunjwa. Kwenye keria ya juu ya paa usiweke kabisa. Mvua ya huku haingoji ufike.

Ubaya wa Probox ni kuruka. Springi zake ni ngumu, zimetengenezewa mzigo wa hadi kilo 400, na kinanda na spika havifiki hapo, kwa hiyo matuta ya Kiboswa na Chavakali njiani yanaingia moja kwa moja kwenye kasha. Tandika godoro la sponji la inchi mbili, kinanda kikae funguo zikitazama juu, kasha liegemee mgongo wa kiti cha mbele ili ukikanyaga breki lisipate nafasi ya kukimbia. Funga kwa mikanda miwili yenye kikazio. Kamba ya nailoni hulegea njiani. Kabla ya yote chomoa adapta, pedali na kila waya. Waya uliobaki ukigongwa huvunja tundu lake pale lilipochomelewa kwenye bodi, halafu utasikia sauti ikikatika-katika na kulaumu spika.

Vumbi ndilo watu hulisahau. Kabla ya kununua, mtu aingie nyuma, mfungie mlango, mwingine azungushe tochi nje kwenye ukingo wa raba. Mwanga ukipenya, vumbi litapenya. Likifika kwenye viguso chini ya funguo, noti moja hunyamaza, au hulia kwa nguvu zote hata ukigusa polepole, na fundi atalazimika kukifungua kinanda kizima.

Kisumu usikiache garini juani vioo vikiwa vimefungwa. Na mkitoka sehemu za baridi kama Kericho kuteremka ziwani, acha kasha limefungwa nusu saa au zaidi kabla ya kuwasha, maana hewa yenye unyevu hutoa jasho juu ya vyuma baridi vya ndani.